Kiti cha pweza yupi wa kufuga: mwindaji, mpole, au anayejizika mchangani?

Mtu anayetaka kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kwa ajili ya tangi lake la maji ya chumvi kwa kawaida huuliza swali moja tu kabla ya kutoa fedha: je, huyu ni mpole? Swali hilo linaeleweka, kwa kuwa mnyama huyu hana meno ya kuonekana wala haraka ya kutisha, na akijibandika kwenye kioo hufanana zaidi na pambo kuliko na mwindaji. Hata hivyo ni swali lisilosaidia sana. Kila kiti cha pweza hula kitu fulani, na mara nyingi tofauti kati ya yule anayeitwa mpole na yule anayeitwa mharibifu ni kwamba mharibifu hula vitu tunavyoviona na kuvithamini, kama vile konokono, chaza na matumbawe, ilhali mpole hula utando mwembamba wa juu ya mawe ambao mfugaji hauoni na, jambo baya zaidi, hawezi kuununua. Ndiyo maana katika ulinganisho huu nitatetea msimamo ambao huwashangaza wanaoanza: mla nyama ni rahisi kumfuga kuliko mpole, ilimradi tangi lipangwe kwa ajili yake tangu mwanzo, badala ya kumtumbukiza katika tangi lililokwisha kujaa vitu anavyovitamani.

Kabla ya kuwaweka bega kwa bega, inafaa kueleza namna wanavyowinda, kwa sababu uamuzi wote unatokana na hapo. Chini ya kila mkono wa kiti cha pweza kuna mfereji wenye safu za miguu midogo laini iliyo kama mirija, inayoendeshwa kwa msukumo wa maji yaliyomo mwilini, na kwa miguu hiyo hutembea, huonja na hushika. Wale wanaokula kombe na kome humkumbatia windo, hubandika miguu kwenye magamba yote mawili na kuvuta bila kuchoka mpaka misuli ya aliyemo ndani ilegee. Mwanya hauhitaji kuwa mpana. Kwa viti vya pweza wa bahari za baridi wa jamii ya Asterias, uwazi usiofika milimita moja unatosha. Hapo mwindaji hulitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, hulipenyeza ndani ya gamba, humeng'enya nyama papo hapo, kisha hulirudisha tumbo mahali pake na kuacha magamba matupu. Kwa matumbawe hana haja ya kuvuta chochote: hulala juu yake, hulitandaza tumbo, na akiondoka baada ya saa kadhaa huacha doa jeupe la chokaa tupu.

Mawindo nayo hayakai tu yakisubiri. Konokono wengi hutambua harufu ya adui huyu na kugeuza njia. Konokono wa mchangani wa jamii ya Nassarius, akiguswa na mguu wa kiti cha pweza, hujirusha na kujipindua kwa nguvu isiyotarajiwa kwa mnyama wa umbo lake. Baharini mbio hizo humwokoa, kwa kuwa mbele yake kuna mchanga usio na mwisho. Ndani ya tangi la urefu wa mita moja na robo anayekimbia hufika kwenye kioo, na anayemfuata ana usiku mzima. Kwa hiyo mfugaji asijifariji kwamba konokono wake wataona hatari na kujihadhari, kwani watajihadhari, kisha wataliwa.

Wenye vinundu: wawindaji wasiojificha

Viti vya pweza wa kundi la Protoreaster hupatikana kwa wingi katika biashara ya wanyama wa matangi. Wawili wanahusika hapa. Protoreaster nodosus, mwenye rangi ya mchanga na vinundu vyeusi mgongoni, hutoka hasa katika maji ya Indonesia na Ufilipino. Protoreaster lincki, mwenye mwili wa kijivujivu na vinundu vyekundu vilivyounganishwa kwa mistari myekundu, ni wa Bahari ya Hindi na ni mwenyeji wa pwani yetu. Yeyote aliyetembea kwenye nyasi bahari za Unguja wakati maji yamekupwa amemwona, na huenda pia amemwona mgeni akimnyanyua hewani ili apigwe picha, kitendo ambacho humdhuru mnyama huyu kwa sababu mwili wake umeumbwa kupitisha maji, haukuumbwa kukaa hewani.

Wote wawili huweza kufika upana wa sentimita 30, ingawa wanaouzwa huwa wadogo zaidi na humdanganya mnunuzi kuhusu nafasi watakayoihitaji. Katika mazingira yao ya asili sehemu kubwa ya mlo wao ni duni kuliko sifa zao: hulitandaza tumbo juu ya mchanga na majani na kulamba viumbe vidogo vilivyomo, na wakibahatika hupata sifongo, mzoga au konokono mzembe. Tangini, ambako hayo hayatoshi, hugeukia chochote kisichokimbia vya kutosha. Chaza wa mapambo, konokono wasafishaji, matumbawe laini na magumu, sifongo, viti vya pweza wengine walio wadogo, na hata samaki mgonjwa aliyelala chini, wote wamo katika orodha yao.

Faida yao ni moja, lakini ni kubwa: hula unachowapa. Kipande cha kamba, cha ngisi au cha kome chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kilichogandishwa, kikayeyushwa na kusuuzwa, kikiwekwa karibu na ncha ya mkono mara mbili au tatu kwa juma, kinatosha kumweka mnyama huyu katika afya njema kwa miaka. Atakigundua taratibu, atakipanda, atakaa juu yake kwa saa kadhaa, kisha ataondoka. Mabaki yaondolewe siku hiyo hiyo. Mtu anayeishi karibu na soko la samaki ana chakula cha mnyama huyu kwa bei ya kitoweo, na sijui kiti cha pweza mwingine wa maji ya joto ambaye naweza kusema hivyo juu yake bila kusita.

Kati ya hawa wawili, mimi humpendelea mwenye vinundu vyeusi kwa mfugaji anayeanza. Yule mwekundu ni mzuri zaidi kwa sura, lakini ana miiba pembeni mwa ncha za mikono, na katika matangi niliyoyaona ni mwepesi zaidi wa kuwashambulia majirani zake. Ikiwa ni lazima achukuliwe, basi awe peke yake katika tangi lisilopungua lita 400, pamoja na samaki wanaoogelea katikati ya maji.

Mchimba mchanga

Astropecten polyacanthus huuzwa kama msafishaji. Wauzaji husema kwamba hupindua mchanga na kuula uchafu, na mnunuzi humwona akijizika na kutoweka, akaamini kazi inafanyika. Ukweli ni kwamba huyu ni mwindaji kama wale wa kwanza. Miguu yake imechongoka, haina vikombe vya kubandikia, kwa hiyo hawezi kupanda kioo wala kufungua kombe mkubwa kwa kuvuta. Badala yake humeza windo zima zima: kombe wadogo, konokono wadogo, minyoo na viduduvu vya mchangani. Kwa kuwa hana tundu la kutolea choo, magamba matupu huyatema kupitia mdomo ule ule.

Tofauti kati yake na mwenye vinundu haipo kwenye ukali. Ipo kwenye kile anachokiharibu na muda anaochukua. Mwenye vinundu akila konokono, utakuta gamba tupu asubuhi na utajua. Mchimba mchanga hula jumuiya iliyofichika ambayo ndiyo iliyokuwa ikiuweka mchanga hai, bila mtu kuona chochote, na baada ya miezi michache mchanga huwa safi kwa maana mbaya ya neno hilo. Hapo njaa humwanza. Hukonda bila kuonyesha dalili kwa muda mrefu, kisha ncha za mikono huanza kumomonyoka. Anaweza kulishwa kwa kufukia vipande vya kome mbele yake, ila kwanza umpate alipojizika, na katika tangi kubwa hilo ni zoezi la kila juma ambalo wengi huliacha baada ya mwezi wa pili. Mwenye tangi lenye mchanga mpana na mzito, lisilo na mawe mengi, anaweza kumfikiria. Mwenye tangi la lita 200 amwache.

Nyota-nyoka wa kijani, anayewinda samaki

Ophiarachna incrassata si kiti cha pweza wa kweli. Ni wa tabaka la jirani, lile la wanyama wenye kisahani kidogo katikati na mikono mirefu inayopinda kama nyoka, lakini huwekwa kwenye rafu moja na viti vya pweza, na kwa hiyo lazima alinganishwe nao. Huyu hatoi tumbo nje. Ana taya tano, ana kasi, na ana hila.

Tangi langu la lita 250 liliwahi kupoteza samaki watatu wadogo wa chini katika mwezi mmoja, bila maiti hata moja kuonekana. Nilipima maji, nikabadilisha maji, nikamshuku kila mtu isipokuwa mhusika, ambaye muuzaji alikuwa ameniambia kwamba hula mabaki tu. Usiku mmoja nikamulika kwa taa nyekundu na kumkuta amesimama juu ya ncha za mikono yake kama mwavuli uliosimikwa, kisahani juu, uvungu chini. Kwa samaki anayetafuta mahali pa kulala, uvungu huo ni pango kama mapango mengine. Akiingia, mikono hujisokota kwa ghafla, na pango hugeuka ngome isiyo na mlango. Tabia hii inajulikana vizuri miongoni mwa wafugaji wa muda mrefu, na haimaanishi kwamba mnyama ana njaa. Hata anayelishwa vizuri huweza kuifanya.

Kwa hiyo tukimweka kando ya mwenye vinundu, sura hugeuka. Mwenye vinundu ni hatari kwa vitu vilivyotulia na hana madhara makubwa kwa samaki wazima. Nyota-nyoka wa kijani kwa kawaida huyaacha matumbawe, lakini ni hatari kwa samaki wadogo, kamba na kaa. Mwenye samaki wakubwa tu, warefu kuliko kiganja, anaweza kumfuga na kumfurahia, kwa kuwa ni mstahimilivu na hupokea chakula mkononi kwa ulafi unaochekesha. Mwenye samaki wa urefu wa kidole asimguse. Wapo nyota-nyoka wengine wenye mikono laini ya mistari, kama Ophiolepis superba, ambao hutosheka na mabaki, na hao ndio ningewapendekeza kwa tangi lenye mchanganyiko wa viumbe.

Wale wanaoitwa wapole

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Linckia laevigata, mwenye buluu kali ambayo hakuna picha inayoitendea haki, na wale wadogo wekundu na wa machungwa wa jamii ya Fromia, hununuliwa na watu waliokwisha kuonywa kuhusu wawindaji. Ni kweli kwamba hawatamgusa konokono wala tumbawe lako. Lakini chakula chao kikuu ni utando wa viumbe vidogo, mwani mwembamba na sifongo zinazoota juu ya mawe ya bahari, na tangi la nyumbani huzalisha kidogo mno. Wengi wa Linckia hufa njaa ndani ya miezi kadhaa, na kwa kuwa mwili wa kiti cha pweza hauonyeshi ukonde kama wa ng'ombe au paka, mwenye tangi huambiwa kwamba ameharibu maji, akaenda kununua mwingine.

Ikiwa moyo umekwisha kuamua, Fromia ana nafuu kuliko Linckia kwa sababu ni mdogo, mara nyingi hazidi sentimita 10, na mahitaji yake ni madogo kwa kadiri hiyo. Awe mmoja tu, katika tangi lenye mawe mengi ya bahari yaliyokaa humo zaidi ya mwaka. Kumweka Linckia katika tangi jipya lenye wiki sita ni kumhukumu.

Kuhusu taji la miiba, Acanthaster, na yule mnene mviringo anayefanana na boflo, Culcita, maneno machache yanatosha. Wote wawili hula matumbawe hai, wa kwanza ana miiba yenye sumu inayoumiza vibaya, na hakuna tangi la nyumbani ambalo ningelipendekeza kwa yeyote kati yao.

Pale kiti cha pweza anapokuwa windo

Mara nyingi mfugaji hujikuta na viti vya pweza ambao hakuwanunua. Hawa ni wale wadogo, weupe au wa kijivu, wa upana usiozidi sentimita moja na nusu, ambao huja wamejificha kwenye mawe na kuongezeka kwa kujigawanya, ndiyo sababu mikono yao huwa haina ulingano. Wafugaji huwaita Asterina. Wengi wao hula mwani na hawana ubaya. Wachache hukutwa juu ya makoloni ya zoanthidi, viumbe walio jamaa wa matumbawe, wakiwa wamewala. Njia mbili hushindanishwa hapa: kuwaokota kwa mkono kila jioni, au kumleta kamba wa Hymenocera, yule mwenye madoa makubwa na makucha bapa kama vipepeo, ambaye hula viti vya pweza na karibu hana mlo mwingine.

Kamba huyu ni kiumbe cha kustaajabisha. Akiwa na mwenzake, kwa maana huishi wawili wawili, humpindua kiti cha pweza mkubwa kuliko wao chali ili asitembee, kisha huanza kumla kutoka ncha za mikono kuelekea katikati. Atawamaliza Asterina wako, pengine katika majuma machache. Baada ya hapo atakuwa na njaa, na wewe utakuwa na deni la kumtafutia kiti cha pweza mwingine kila baada ya majuma mawili au matatu. Wafugaji wengi huwanunua wale wa vinundu vyeusi kwa kazi hiyo na kuwakata mkono mmoja mmoja. Sitamhukumu mtu kwa hilo, lakini anayechagua njia hii ajue kwamba amechagua kufuga wawindaji wawili kwa gharama ya mfululizo wa mawindo, na kwamba kuokota kwa mkono, ijapokuwa kunachosha, hakumdai chochote baada ya mwezi wa tatu. Kwa tangi lenye Asterina wasiodhuru, ushauri wangu ni kuwaacha walivyo.

Maji, kwa wote

Katika jambo moja hawatofautiani: hakuna kiti cha pweza anayeweza kusawazisha chumvi ya mwili wake dhidi ya maji yanayomzunguka. Chumvi ikibadilika ghafla, seli zake huvimba au kusinyaa, na kifo huja baada ya siku chache, wakati mfugaji amekwisha kuamini kwamba mambo ni shwari. Chumvi iwe takriban gramu 35 kwa kilo ya maji, ipimwe kwa refraktomita, kifaa kidogo cha kupimia chumvi, na mnyama mpya azoeshwe kwa matone kwa muda wa saa mbili au zaidi. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 26, jambo ambalo huko Mombasa au Dar es Salaam linahitaji feni juu ya maji au mashine ya kupoza, kwa kuwa chumba chenyewe hupita nyuzi 30. Dawa za samaki zenye shaba ziwe mbali na tangi hilo. Wanaochota maji baharini wachote wakati maji yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, na wakati wa masika wapime kila dumu, kwa sababu mvua hupunguza chumvi ya maji ya ufukweni kuliko jicho linavyoweza kujua. Mnyama mwenyewe asichukuliwe katika hifadhi za bahari kama Kisiwa cha Mafia, Watamu au Kisite, ambako kuchukua viumbe ni marufuku au kumewekewa masharti.

Yupi, basi, kwa tangi lipi

Mwenye bustani ya matumbawe na chaza, ambaye hataki kuhamisha kitu, namshauri amchukue nyota-nyoka mwenye mistari, au asichukue yeyote. Mwenye samaki wa ukubwa wa wastani, mawe na hakuna tumbawe, ndiye mwenye bahati zaidi, kwa kuwa mwenye vinundu vyeusi atamfaa kwa miaka. Auze au ahamishe konokono wake kwanza. Mwenye samaki wakubwa wakali huenda akamwona mwenye vinundu akidonolewa miguu, na hapo nyota-nyoka wa kijani ndiye anayeweza kujitetea. Kuwaunganisha wa kijani na mwenye vinundu katika tangi moja si vyema, kwani mmoja hulala pale ambapo mwingine hula, na chakula utakachomwekea mwenye vinundu kitanyang'anywa kabla hajanyanyua mkono wa pili.

Dukani, usimchague kwa rangi. Mwombe muuzaji amgeuze chali ndani ya maji, bila kumtoa hewani, kisha subiri. Mwenye afya huanza kukunja ncha za mikono mara moja, hushika chini kwa miguu yake, na hujipindua ndani ya dakika chache. Anayebaki chali akilegea, mwenye ute mweupe mgongoni au ncha ya mkono iliyoanza kuyeyuka, mwache hapo hapo, hata kama bei yake imepunguzwa nusu.